Kofi Lililokosekana

Vidole vya Asheri vilipoufunga mkono wake, Benedikta alijua kwamba alitakiwa kumpiga kofi. Mkono mwingine alikuwa nao, mzima, umelala tu pajani. Ilikuwa kazi ya kufumba na kufumbua. Lakini mkono ule uligoma, na kule chini ya shuka, joto likimpanda mpaka nyuma ya masikio, akasikia wasichana wenzake wakianza kucheka, kisha kicheko kikapungua, kisha kikafa kabisa.

Ili mtu aelewe kwa nini kofi lisilopigwa liliweza kuharibu shughuli ya watu, ni lazima aujue Udugu wa Doti. Chuo kile cha ualimu cha wasichana, pale Usagara mjini Tanga, kilikuwa na walimu wake na kengele zake, lakini mabwenini waliotawala ni Udugu. Anayeona huo ni upuuzi wa wasichana waliokosa kazi hajawahi kulala bweni moja na wasichana wa makabila kumi na dini mbili, masika yakimwagika nje na kila mmoja akimlilia mama yake. Januari, wageni walipofika na masanduku yao ya bati, kila mmoja alipewa mkubwa wake. Mkubwa na mdogo walinunua doti moja ya kanga, wakaikata, huyu akachukua kipande kimoja na yule cha pili. Tangu hapo mliugua pamoja na mlisingiziwa pamoja. Ramadhani ikiingia, wasichana wa Kikristo walikuna nazi za futari. Pasaka ikifika, wa Kiislamu walipiga pasi magauni ya wenzao ya kwendea kanisani. Na mwishoni mwa mwaka, siku ya mwisho kabisa kabla ya wakubwa kuaga, ilikuja Siku ya Mikono.

Siku hiyo kila mchumba aliyekwisha kubaliwa na wazee alifika chuoni pamoja na watu wake. Wasichana walikaa mstari mmoja ukumbini, wamejifunika mashuka meupe ya bweni gubigubi, na kila mmoja ametoa mkono mmoja tu. Pete zimevuliwa, bangili zimevuliwa, mikono imesuguliwa kwa ndimu mpaka yote inanukia namna moja. Mwanamume alipita na kuushika mkono alioamini ni wa mchumba wake. Akipata, shuka linafunuliwa na vigelegele vinapigwa. Akikosa, msichana aliyeshikwa kimakosa anamchapa kofi la mkono, ukumbi unaangua kicheko, naye anatozwa kapu la machungwa na kuanza upya. Na karibu wote hukosea. Mwaka uliopita karani mmoja wa bandarini alichapwa makofi mpaka mkono ukawa mwekundu, na bado akaoa.

Kwa hiyo Asheri alipousimamia mkono wa Benedikta, hakuna aliyeshtuka. Kila mtu alijua amekuja kumtafuta Dorkasi. Dorkasi ndiye mkubwa wa Benedikta, na alikuwa amekaa palepale ubavuni mwake, goti kwa goti. Tena mwaka huu wa hamsini na sita ilisemwa kwamba hakuna mchumba aliyependeza kama huyu kijana wa Kisambaa wa kule Amani, mwenye kazi ya kulea miche ya watafiti, mpole, asiyeinua sauti.

Shariffa ndiye aliyekuwa mkuu wa Udugu mwaka huo, binti wa mfanyabiashara wa Kiarabu wa Ngamiani. Alikuwa na sauti ya mtu aliyezaliwa akitoa amri.

"Haya, mwaya, mchape mgeni," alisema. "Tuna wengine wanangoja."

Benedikta hakuchapa.

"Nani huyo hapo? Umelala?"

Wasichana wawili wakacheka tena, kwa wasiwasi. Benedikta alisikia shuka la ubavuni mwake likitikisika kidogo, kama mtu aliyekuwa ameegemea ameketi wima.

"Kaka Asheri, umekosea," Shariffa akasema. "Machungwa kapu moja. Rudi mwanzo."

"Sikukosea," Asheri akajibu.

Alilisema neno hilo polepole, kwa sauti ileile aliyozoea kuombea sukari. Walioketi nyuma hawakulisikia, ikabidi waambiwe na walio mbele, na ukumbi mzima ukaingiwa na baridi mstari kwa mstari.

"Umekosea," Shariffa alirudia, safari hii bila mzaha. "Huo si mkono wa Dorkasi."

"Najua si wa Dorkasi. Ni wa Benedikta. Nimekuja kuushika huu."

Hapo ndipo Benedikta alipolivua shuka mwenyewe, kwa kuwa pumzi ilikuwa imemwishia. Mwanga wa alasiri ukampiga machoni. Akauona uso wa Asheri karibu mno, umepauka, midomo imekauka, na macho yale aliyokuwa akiyakwepa mwaka mzima sasa hayana tena pa kukwepewa. Akauvuta mkono wake. Alichelewa, na watu wote waliona kuwa amechelewa.

Mwanzo wa yote ulikuwa ni desturi. Jumamosi ya wageni, mchumba alipofika, mkubwa hatoki mbio kama kuku aliyeona mtama. Mdogo ndiye hutangulia kibarazani, akamkaribisha mgeni, akamimina chai, akampa habari za mkubwa wake. Birika likiisha ndipo mkubwa hujitokeza. Benedikta alikuwa mdogo mtiifu. Dorkasi alikuwa msichana wa heshima aliyechumbiwa na wazee wa pande mbili tangu akiwa darasa la nane, na aibu yake ilikuwa kubwa kuliko hamu yake. Mwezi wa pili birika moja. Mwezi wa nne mabirika mawili. Baada ya hapo ikawa, "Bene, mwambie kichwa kinaniuma. Wewe unajua kuongea naye."

Na kweli alijua. Asheri alimsimulia jinsi mche wa mkwinini unavyokufa ukinyweshwa kwa huruma nyingi. Benedikta alimsimulia jinsi baba yake, manamba kutoka Songea, anavyong'olewa miba ya mkonge viganjani kila Jumapili baada ya misa, na kwamba kazi hiyo ilikuwa yake yeye kabla hajaja chuoni. Hakuna aliyelitaja penzi. Mwezi wa kumi Asheri alianza, "Benedikta, laiti ningekuwa..." naye akainuka upesi kwenda kutafuta sukari, na bakuli la sukari lilikuwa mezani, limejaa. Alikaa jikoni mpaka birika jingine lilipochemka. Jioni hiyo Dorkasi alimuuliza, "Hajambo?" naye akajibu, "Hajambo, anakusalimu." Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, wasema watu, lakini Benedikta alikuwa ameyameza miezi mingi, na alidhani amekwisha kuyashinda.

Sasa yalikuwa mezani, pamoja na visheti.

Wa kwanza kusimama alikuwa Mzee Manase, baba yake Asheri, mzee wa kanisa kutoka Lushoto aliyevaa koti la suti katika joto lile la Tanga.

"Asheri. Macho unayo?"

"Ninayo, baba."

"Basi yatumie. Mwombe radhi binti wa watu, ushike mkono uliokuleta hapa."

"Nilikwambia, baba. Nilikwambia nyumbani, mara mbili. Ukasema nije tu, nishike mkono, mengine nitayazoea."

Mnong'ono ukapita ukumbini. Mzee Manase hakuzoea kuanikwa, na shingo yake ilianza kuvimba juu ya kola.

"Na wewe ukaona dawa ni kunivua nguo mbele ya wanawake?"

"Niliona kwamba nikiushika mkono wa Dorkasi leo, nitakuwa nimemdanganya mbele ya Mungu na watu. Nikikuambia wewe peke yako husikii. Nisamehe, baba. Sikupata njia nyingine."

"Huyu binti ni wa nani?"

Asheri akamtajia. Mzee Manase alisikiliza kama anayesomewa mashtaka.

"Mtoto wa kambi ya mkonge," akasema. "Mkatoliki. Mngoni. Posa tukaipeleke wapi, kwa mnyapara? Hao watu mkataba ukiisha wamekwisha kuhama."

"Mzee, shikamoo," Benedikta alisikia mdomo wake ukisema. Hakujua kwa nini. Magoti yalikuwa yamekwisha kushuka chini. Mzee Manase alimtazama, akafungua kinywa, na kwa mazoea ya miaka sitini akajikuta ameitikia marahaba. Jambo hilo lilimuudhi zaidi.

Lakini aliyemwumiza Benedikta hakuwa yeye. Ni mama yake Dorkasi, Mama Beatrisi, mwanamke mfupi aliyekuwa bado ameshika kitambaa cha kupunga wakati wa vigelegele. Hakufoka hata kidogo. Alimgeukia binti yake, ambaye mpaka wakati huo alikuwa bado amefunikwa shuka, mkono wake umetolewa nje, unangoja.

"Dorkasi mwanangu, huyu msichana si yule uliyemleta kwangu likizo ya Agosti? Nikamchinjia kuku?"

"Ndiye, mama," sauti ikajibu ndani ya shuka.

"Nikampa kitanda changu."

"Ndiye."

Mama Beatrisi akatikisa kichwa. "Alikula vizuri," akasema, akakaa chini.

Dorkasi alilivua shuka, akalikunja mara nne kama wanavyofundishwa, akaliweka kitini. Hakuwa akilia. Alimpita Asheri bila kumtazama, akamshika Benedikta kifundo cha mkono, akaenda naye mpaka chumba cha stoo, mlango wa pili kutoka ukumbini, akaufunga.

Ndani kulikuwa na magunia ya mchele na ndoo za kudekia.

"Kofi lilikuwa wapi?" Dorkasi aliuliza.

"Dada..."

"Nilikuwa nimekaa pale nasikiliza. Nilijua amekushika wewe, goti lako liliruka. Nikasema, sasa Bene atamchapa, tutacheka, atakuja kwangu. Nikangoja. Nikaendelea kungoja. Kofi lilikuwa wapi, Benedikta?"

"Lilinishinda."

"Limekushinda tangu lini?"

Benedikta angeweza kudanganya. Angesema leo, angesema ni mshtuko, na huenda Dorkasi angeamini kwa kuwa alitaka kuamini. Alimtazama yule msichana aliyempa nusu ya blanketi lake mwezi wa homa, aliyemfundisha hesabu za sehemu kwa maganda ya machungwa, aliyemwambia bweni zima kuwa atakayemcheka Bene kwa viatu vyake atakula peke yake.

"Tangu Pasaka," akasema.

Dorkasi aliegemea gunia.

"Pasaka. Mimi nilikuja kujua mwezi wa nane."

Ikawa zamu ya Benedikta kukosa pa kushika. "Ulijua?"

"Ulikuwa ukirudi kutoka kibarazani unaimba. Halafu ukaacha kuimba. Mtu haachi kuimba hivihivi. Nikasema, nitamngoja, huyu ni mdogo wangu, ataniambia. Asheri nikamwita nyumbani mwisho wa Agosti, wewe ulipokwisha kuondoka, nione kama nitampenda nikikaa naye mbali na wewe. Nikamwona mtu mwema. Ungekuja tu usiniambie mengi, ungesema dada, nimeanguka. Ningekasirika wiki nzima, halafu ningemwandikia baba kwamba simtaki. Mimi huyo mwanamume nilikuwa nakwenda kumzoea, Bene, kama baba yake alivyosema. Sikuwa ninamfia."

"Niliogopa kukupoteza."

"Ukaniacha nikae mbele ya mama yangu, nimefunikwa, nimetoa mkono kama ombaomba."

Hapo ndipo Dorkasi alipolia. Hakulia sana, machozi mawili matatu, akayafuta kwa kiganja, kwa hasira. Benedikta alinyoosha mkono na Dorkasi akausogeza kando, bila nguvu, kama mtu anayeondoa tawi njiani.

"Niambie kitu kimoja. Jumamosi zote zile, ulikuwa unamwambia nini kuhusu mimi?"

"Mazuri yako."

"Yote?"

"Yote ninayoyajua. Sikuficha hata moja, dada. Naapa."

"Basi hana la kusingizia," Dorkasi akasema. "Amenijua vizuri, tena kwa mdomo wa anayenipenda, na bado hakunitaka."

Mlango ukagongwa. Alikuwa Shariffa, na kwa mara ya kwanza mwaka ule sauti yake ilikuwa ndogo.

"Dorkasi, nakusumbua. Mzee anamwamrisha kijana arudi akushike wewe, yaishe. Kijana hataki. Na unajua kawaida yetu, mdogo hamkubali mtu bila neno la mkubwa wake. Watu wanangoja neno lako."

Dorkasi alijitazama, akaiweka sawa kola ya gauni, akatoka. Benedikta akafuata nyuma yake, kwa kuwa hapo ndipo alipozoea kuwa.

Mzee Manase alikuwa amemshika mwanawe bega na kumsogeza mbele. "Binti yangu," alimwambia Dorkasi, "ujinga wa vijana tutauzika hapahapa. Toa mkono wako, huyu ataushika."

"Shikamoo, mzee," Dorkasi akasema. "Nakuheshimu kama baba yangu. Lakini mkono wangu haushikwi kwa amri."

"Dorkasi," mama yake akaita.

"Tunakwenda nyumbani sasa hivi, mama. Kwanza nimalize." Alimgeukia Benedikta, na sasa alimtazama machoni. Kila msichana wa Udugu alikuwa amejishika kifua. Neno la heri lingetosha. Hata Mzee Manase angepata taabu kulipinga mbele ya watu wale. Neno la shari lingemfungia Benedikta mlango, na asingekuwa na haki ya kulalamika.

"Neno langu silitoi leo," Dorkasi alisema. "La heri sina. Na la shari silitaki."

Akamshika mama yake mkono, wakatoka.

Lori la mjomba wake Dorkasi lilikuwa limeegeshwa chini ya mwembe, lakini kivuli kilikuwa kimekwisha kuhama, sasa lilikuwa juani, na mjomba ameinamia usukani amesinzia. Ilikuwa desturi ya mdogo kumbebea mkubwa wake sanduku siku ya kuaga. Benedikta alilifuata bwenini, akalitwika kichwani, akalibeba uwanja mzima mbele ya macho ya wageni waliojazana madirishani. Alikuwa ameliona sanduku hilo mara nyingi na hakuwahi kujua kuwa ni zito kiasi kile. Alipofika, Dorkasi alilipokea kwa mikono miwili, akalisukuma nyuma ya lori.

"Ahsante," alimwambia, kwa adabu kamili, kama anavyoambiwa mchukuzi wa stesheni. Kisha akapanda, akakaa upande wa pili, ambako mama yake alimziba.

Lori likaondoka. Benedikta alibaki amesimama katika vumbi. Alipogeuka, Asheri alikuwa nyuma yake, kofia mkononi, peke yake. Baba yake alikuwa amekwisha kutangulia kituo cha basi bila kuaga mtu.

"Nimeharibu," Asheri akasema.

"Tumeharibu. Wewe umesema leo. Mimi nilitakiwa kusema tangu Pasaka."

"Tangu Pasaka?" Uso wake ukafunguka, maskini, kama wa mtoto, na Benedikta akaona uchungu kuuona. "Basi unanipenda."

Alikuwa ameitunga siku hii kichwani mara nyingi asizoweza kuzikiri. Katika kutunga kwake kulikuwa na kicheko, na Dorkasi kwa namna fulani alikuwapo, anapiga vigelegele.

"Nakupenda, Asheri," alisema. "Nakupenda sana. Rudi Amani."

"Nirudi mpaka lini? Jumapili ijayo nataka nikamwone baba yako. Nitamweleza yote. Mimi sioni haya ya mkonge wala ya misa."

"Huna neno la kwenda nalo."

"Hiyo ni michezo ya shule, Benedikta. Mwakani wataingia wengine na mashuka yao. Sisi ni watu wazima."

"Yule aliyeondoka hakuwa mchezo. Nikimwacha aende hivi, halafu nije kwako nacheka, utakuwa umeoa mtu gani? Utamwamini vipi mtu huyo?"

Asheri aliitazama barabara ambayo lori lilipitia, vumbi lake bado limening'inia.

"Na asipolitoa?" akauliza. "Asipolitoa kabisa?"

"Sijui."

"Unataka ningoje kitu usichokijua?"

"Sikukuomba ungoje. Nimekuomba urudi Amani. Ukingoja, umengoja mwenyewe."

Asheri akavaa kofia, akaivua tena, kama mtu aliyesahau ipi ni adabu. Kisha akaondoka, na hatua zake zilikuwa za polepole ili aitwe. Benedikta aliusikia mwili wake wote ukitaka kumwita. Hakumwita.

Ndani ya ukumbi vigelegele vilianza upya. Mchumba wa msichana mwingine alikuwa amepata mkono wa kweli, na watu waliokwisha kunywa chai hawawezi kuhuzunika mchana kutwa. Benedikta alisimama pale uwanjani akivisikiliza. Nakupenda: alilimeza neno hilo tangu Pasaka, akidhani siku atakayolitamka dunia itakuwa nyepesi. Sasa amelitamka, mchana kweupe, kwa mwanamume anayemtaka, na hakuona raha hata kidogo.